UZI: Umeambiwa mtoto wako "ni mzito"? Pita hapa kabla hujamhamisha shule

Mwl_wa_Kitengo

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha shule ya msingi ya serikali. Jina la shule na mkoa naomba nibaki navyo. Ni shule ya kawaida yenye kitengo cha elimu maalumu ndani yake, madarasa mawili nyuma ya jiko la uji. Mwaka huu ni wa 14 nikiwa hapo. Kila shule zinapofunguliwa, Januari na Julai, napata wazazi wenye maneno yaleyale: "Mwalimu, wenzako wamesema huyu ni mzito, nimekuletea." Mtoto yuko hapohapo anasikia, anaangalia kandambili zake.

Hilo neno "mzito" silipendi hata kidogo. Halisemi chochote. Ni kama fundi akuambie gari "ni bovu" kisha adai hela.

Hebu niwape hesabu ya watoto kumi wa mwisho walioletwa kwangu kwa jina hilo. Watatu walikuwa hawaoni ubao. Wawili masikio yalitoa usaha tangu wadogo, usikivu umeshapungua na nyumbani walidhani ni ukaidi. Mmoja alikuwa anazungumza Kisukuma tu nyumbani, Kiswahili amekutana nacho darasa la kwanza. Mmoja ana kifafa, dawa anayomeza alfajiri inamlaza ikifika saa tatu. Waliobaki watatu ndio walikuwa wanafunzi wa kitengo kweli. Kwa hiyo saba kati ya kumi walihitaji mtu wa kuwatazama vizuri tu, halafu warudi darasani kwao.

Kwetu mtoto akiletwa hatumpi daftari kwanza.

Tunaanza na macho. Nina chati ya E ukutani: herufi E zimegeuzwa, miguu juu, chini, kushoto, kulia, kubwa hadi ndogo. Mtoto anasimama mita 6, anaziba jicho moja kwa kiganja, anaonyesha kwa vidole miguu imeelekea wapi. Hahitaji kujua kusoma, ndiyo uzuri wake.

Kisha masikio. Namkalisha chini achore, nasimama nyuma yake asione mdomo wangu, nasema kwa sauti ya chini kabisa: "Nani anataka peremende?" Anayesikia hugeuka kabla sijamaliza. Asipogeuka narudia upande wa pili. Huo si uganga wala udaktari, ni chekeche tu. Akikwama kwenye chekeche anaandikiwa barua ya kwenda hospitali, na hapo ndipo atapimwa na wenye vifaa.

Mengine naendelea nikitoka kusahihisha.

---

Ngosha_Mtulivu

Nimevuta kigoda. Hapo kwenye Kisukuma umenigusa, mimi nilichapwa mwaka mzima kwa kosa la kutojua "chaki" ni nini.

---

MamaZuu

Mwalimu shikamoo. Binti yangu yuko darasa la pili, miaka 8. Kuongea anaongea mpaka anachosha, hadithi za bibi yake zote anazo kichwani. Kusoma sasa! Mstari mmoja tunaweza kumaliza dakika tano, akifika mwisho ameshasahau mwanzo. Mwalimu wake kasema nimtafutie shule ya "wenzake". Nimelia jana usiku. Nianzie wapi?

---

Mwl_wa_Kitengo

Marahaba mama Zuu. Pole, na usimhamishe mtoto kokote bado. Nijibu matatu kwanza. Macho na masikio yamepimwa? Ukimsomea wewe hadithi kisha ukamuuliza maswali, anajibu? Akiandika, anachanganya b na d?

---

MamaZuu

Hajapimwa popote. Nikimsomea anajibu yote na maswali yake anaongeza. b na d, ndiyo, kila siku.

---

Mwl_wa_Kitengo

Basi anza na hospitali ya wilaya, macho na masikio, wiki hii. Zikiwa salama tutazungumza habari ya kusoma.

Na niseme hapa kwa faida ya wote, maana watoto wa namna hii ni wengi na ndio wanaodhulumiwa zaidi kwa kuwa hawana fimbo nyeupe wala kitimwendo cha kumwonyesha mtu.

Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Ukishazishika ba be bi bo bu umeshaingia mlangoni. Ndiyo maana mtoto mwenye shida ya kusoma, disleksia wataalamu wanavyoiita, kwa lugha yetu hakosei sana, ila ANACHELEWA. Anapasua silabi moja moja kama kuni. Mpe "mama anapika" atapita. Mpe "ng'ombe amenyweshwa maji" uone: ng' inamkwamisha, nyw inamkwamisha, akifika "maji" ng'ombe ameshapotea porini. Mwalimu aliyezoea kuhesabu makosa hatamwona huyu, atasema tu ni mvivu.

Tunachofanya ni robo saa kila siku kabla ya mstari wa asubuhi. Siyo saa nzima Ijumaa, nasisitiza, kidogo kila siku. Kadi za silabi tunakata kwenye maboksi ya biskuti. Wiki nzima nd peke yake: nda nde ndi ndo ndu, kisha maneno, kisha sentensi fupi anayoitunga yeye mwenyewe. Sinia la mchanga, anaandika kwa kidole huku anatamka, anafuta, anarudia. Kwa b na d tumewafundisha ngumi mbili: dole gumba juu, ngumi ya kushoto ni b, ya kulia ni d. Kuna kijana wa darasa la sita bado anaikunja chini ya dawati wakati wa mtihani, nikimwona naangalia pembeni.

Na masomo mengine mwulizeni kwa mdomo. Nina mtoto hawezi kusoma aya moja ya sayansi bila jasho, lakini mwulize mbegu inaotaje, atakueleza mpaka mizizi midogo. Sasa huyo nimpe sifuri ya sayansi kwa sababu ya kusoma?

---

FundiMbao

Mwalimu, heshima yako. Lakini tuongee kama watu wazima. Darasa la mwanangu lina watoto 96 na mwalimu mmoja. Wameingiza mtoto mmoja mwenye usonji (autism), anapiga kelele, anatoka nje, mwalimu anamkimbilia. Hao 95 wanafanya nini muda huo? Kwa nini wasipelekwe shule zao walizojengewa? Sina chuki na mtu, nauliza tu.

---

Ngosha_Mtulivu

@FundiMbao angekuwa wako ungeuliza hivyo?

---

FundiMbao

@Ngosha_Mtulivu angekuwa wangu ningetaka apate mwalimu wake, siyo kukimbizwa uwanjani.

---

Mwl_wa_Kitengo

Msigombane. Fundi ana haki ya kuuliza na nusu ya swali lake ni sahihi.

Mtoto kutiwa katika darasa la 96 bila msaidizi, bila mwalimu kuambiwa chochote, huko ni kumtupa kwa adabu, msikuite elimu jumuishi, yaani wenye ulemavu kusoma pamoja na wenzao. Nimeona shule inaandika kwenye ripoti "wanafunzi wenye mahitaji maalumu: 7" na ukiingia darasani hakuna anayekuonyesha hao saba ni nani.

Lakini hiyo nusu nyingine. Wetu mwenye usonji naye alikuwa anapiga kelele na kutoka mbio. Tulidhani ana fujo. Mama mmoja mpika uji ndiye aliyegundua, siyo sisi wenye vyeti: alisema "huyu anakimbia kengele ikigongwa." Kengele yetu ni rimu ya gari inayoning'inia kwenye mwembe, na mgongaji hupenda sana kazi yake. Kwa mtoto yule ule mlio ulikuwa kama msumari sikioni. Tukahamisha rimu upande wa pili wa ofisi. Dakika chache kabla ya kengele mwenzake anamgusa bega na kumwonyesha picha ya kengele, yeye anaziba masikio mwenyewe. Mezani kwake tumebandika picha za siku nzima: mstari, kusoma, uji, hesabu, mpira, nyumbani. Kila kipindi kikiisha anageuza picha moja. Kelele hazijaisha kabisa, lakini kukimbia kumekoma. Gharama yake ni kadibodi na gundi.

Na mengi tunayofanya kwa ajili ya mmoja yanawafaidi 95. Nina asiyeona darasa la tano, kwa hiyo kila ninachoandika ubaoni nakisema kwa sauti. Unajua watoto wangapi wa nyuma walikuwa hawaoni mwandiko wangu na walinyamaza? Nina mwenye usikivu hafifu, kwa hiyo siongei nikiwa nimegeukia ubao na sisimami dirishani, maana mwanga ukiwa nyuma yangu uso wangu unakuwa kivuli na midomo haisomeki.

Ila kwa 96 hapo umenishika Fundi. Mbinu zote hizi zikikutana na 96 zinachoka. Sina jibu la hapo zaidi ya vyumba na walimu.

---

Kiziwi_Msomaji

Mimi ni kiziwi tangu homa ya uti wa mgongo nikiwa na miaka minne. Nimesoma uzi wote na nina neno kwa mwalimu.

Nilikaa shule ya kawaida miaka miwili. Nilikuwa mtulivu, nanakili ubao kwa mwandiko mzuri kuliko wote. Walimu walinisifu. Sikuelewa hata sentensi moja. Nilidhani shule ni mahali pa kuchora maumbo yale. Kukaa mbele hakukunisaidia chochote, midomo ya mwalimu kwangu ilikuwa kama samaki wanapumua.

Nikapelekwa shule ya viziwi, mbali na kwetu. Siku ya kwanza uwanjani nikaona watoto mamia wanaongea kwa mikono. Ndiyo siku niliyopata lugha. Nilikuwa na miaka tisa.

Kwa hiyo mnaposema "arudi darasani kwao", kwetu viziwi mjiulize: huko darasani kuna anayejua lugha ya alama? Mwenzangu wa kupiga naye soga yuko? Kama hakuna, huyo mtoto yuko peke yake katikati ya watu 96.

---

Mwl_wa_Kitengo

@Kiziwi_Msomaji umesema na umenirekebisha. Nilichoandika juu ya kusoma midomo ni kwa mwenye usikivu hafifu, aliyebaki na kiasi cha kusikia au ana shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia. Kwa kiziwi kabisa, lugha kwanza, mambo mengine baadaye. Watoto watatu viziwi waliopita kwangu niliwashauri wazazi wawapeleke shule ya viziwi, zipo za muda mrefu kama Tabora Viziwi na Buguruni Viziwi pale Dar. Mzazi mmoja alikataa, alisema hawezi kumwacha mtoto wa miaka saba bwenini mkoa mwingine. Simlaumu. Mwanawe anakuja kitengoni na mimi alama zangu ni za kuungaunga, nilizipata kwenye kozi ya wiki chache. Huyo mtoto ananizidi, ananisahihisha, na wenzake wanacheka.

---

Pwani254

Salaam kutoka Mombasa. Nyinyi mwasema lugha ya alama, sisi huku twaita lugha ya ishara, na Katiba yetu ya 2010 imeitaja kwa jina, hata bungeni ni lugha rasmi. Lakini ukienda shule ya mtaani kwetu umtafute mwalimu aijuaye, utazunguka mpaka magharibi.

Kilicho kizuri huku ni vile vituo vya tathmini, EARC, vilivyoanza 1984. Mtoto hapimwi na mwalimu wa darasa kwa macho tu, hupelekwa pale, akatazamwa, ndipo akapangiwa shule ya kawaida, kitengo au shule maalumu. Na kwenye mtaala huu mpya kuna wanaofuata masomo ya kawaida yaliyorekebishwa na kuna wanaokwenda kwa hatua, si kwa darasa, wajifunze kujitunza na kazi za mikono. Ndugu yangu ana mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yuko kwenye hatua. Mwaka jana furaha ya nyumba nzima ilikuwa ni kwamba amekunywa chai kwa kikombe bila kusaidiwa. Shangazi zake walipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Mwalimu, nyinyi mnaandika wapi maendeleo ya mtoto kama huyo? Maana ripoti ya alama haimfai.

---

Mwl_wa_Kitengo

Swali zuri. Tuna kauntabuku. Kila mtoto wa kitengo ana kurasa zake, na juu ya ukurasa kuna lengo MOJA la muhula, tumekubaliana na mzazi. Zamani tuliandika malengo manane, yakawa mapambo. Sasa ni moja. "Afunge vifungo vya shati." "Aseme akitaka kwenda chooni." "Asome maneno yenye mb." Kunawa mikono tu tumekupasua vipande saba, kuanzia kukunja mikono ya shati mpaka kujifuta, na kuna mtoto alikaa kipande cha tatu, kufungua bomba, miezi miwili. Alipofungua alilowa yeye, nikalowa mimi, akalowa mwalimu mkuu aliyekuwa anapita na suti ya kikao. Iko kwenye kauntabuku na tarehe yake.

---

BintiUnguja

Assalaam alaykum. Sisi Zanzibar twaita elimu mjumuisho. Skuli niliyosoma alikuwepo mwenzetu asiyeona, na mashine yake ya nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa kwa vidole, ilikuwa na kelele ajabu, taka taka taka, mwalimu akisoma imla sote twasubiri yeye amalize. Mwalimu, hesabu mnamfundishaje? Hilo sijalielewa mpaka leo.

---

Mwl_wa_Kitengo

Waalaykum salaam. Kelele ya ile mashine dawa yake ni khanga iliyokunjwa chini yake, jaribuni.

Hesabu: namba na alama zote zina nukta nundu zake, kwa nukta zilezile sita. Kazi ipo kwenye maumbo. Pembetatu tunaitengeneza kwa uzi wa katani tuliougundisha kwenye kadibodi, pembe anaipapasa kwa kidole. Grafu ni ubao wa misumari na mipira ya kufungia hela. Inachukua muda, ndiyo maana kwenye mtihani wa darasa la saba wanaongezewa muda: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Ni haki yao, mzazi ulizia.

---

Mzee_wa_Kofia

Mwalimu mimi nina mjukuu mwenye ualbino, anaanza la kwanza Januari. Akili anazo. Nimuandalie nini?

---

Mwl_wa_Kitengo

Shikamoo mzee. Kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua. Ya Kilisun yanatengenezwa Moshi, uliza hospitali au chama chao hapo wilayani. Mwalimu wa zamu aambiwe mapema kwamba mjukuu hasimami mstarini juani wala hafagii uwanja saa nne, apewe kazi ya kivulini. Si upendeleo, ngozi yake inaungua kweli.

La pili ambalo wengi hawalijui: karibu wote wana uoni hafifu, na miwani haimalizi tatizo. Akae mbele, dirisha likiwa nyuma yake au ubavuni, na aruhusiwe kusogea mpaka ubaoni akitaka kusoma. Kitabu akikisogeza mpaka puani asikemewe. Mitihani yake iwe ya maandishi makubwa, na mwalimu mkuu atoe taarifa mapema wakati wa usajili, sio wiki ya mtihani.

---

Mzee_wa_Kofia

Marahaba mwanangu. Nimenakili.

---

FundiMbao

Mwalimu, ule ubao wa misumari una ukubwa gani? Nina vipande vya mninga vimelala karakana. Nitumie vipimo inboksi.

---

Mwl_wa_Kitengo

@FundiMbao sentimita 40 kwa 40, misumari isiyo na ncha, kila sentimita 2. Mungu akubariki. Na kama una uvumilivu, meza moja yenye ukingo mbele, kuna mtoto vitu vyake vinaanguka kila dakika.

---

MamaZuu

Nimerudi jamani. Tumeenda hospitali siku mbili. Macho mazima. Sikio la kulia lilikuwa limejaa nta, wamelisafisha, amesema "mama, mbona feni inapiga kelele". Nikajua tumepona. Nyumbani nimempa kitabu, yuleyule, mstari mmoja dakika tano. Nilitamani iwe nta tu.

---

Mwl_wa_Kitengo

Mama Zuu, sikio limepata nafuu na hilo si dogo. Kusoma ni habari nyingine, itachukua muda. Nenda kwa mwalimu wake, bila ugomvi, mwombe mambo mawili: asimsimamishe kusoma mbele ya wenzake, na amuulize kwa mdomo masomo mengine. Nyumbani robo saa kila siku, silabi aina moja kwa wiki, anza na mb. Mchanga kwenye sinia, kidole, anatamka. Akichoka acha. Hapo katikati ya muhula niandikie amefika wapi, tutaona kama anahitaji kuja kitengoni kwa vipindi vichache huku akibaki darasani kwake.

---

MamaZuu

Sawa mwalimu. Ila mchanga ameukataa, anasema unamkwaruza. Leo tumejaribu.

---

Mwl_wa_Kitengo

Tumia unga wa sembe.

---

MamaZuu

Kwa bei hii ya unga mwalimu? 😂

---

Mwl_wa_Kitengo

Basi majivu. Yachekeche kwanza.